Kalenda Saba Ukutani

Asubuhi huja polepole huko Kosele. Ukungu hutoka upande wa ziwa, hutambaa mashambani, na milima ya Homa hupotea kabisa. Robi aliupenda sana wakati huo. Alisimama mlangoni na kikombe cha uji, akawa anaota macho wazi. Katika ndoto yake, binti yake Beverlyne alikuwa anakimbia na wenzake, wala miguu haikumuuma.

Beverlyne alikuwa na miaka tisa. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Dawa yake humezwa kila siku. Ikikatizwa, maumivu huja, na maumivu hayo hayana huruma. Ndiyo maana Robi aliota ya leo na ya kesho tu. Ya mbele zaidi aliyaogopa.

"Nyar Kuria!" Byron, mumewe, aliita kutoka ndani. Maana yake ni binti wa Wakuria. Byron ni Mjaluo, na alimwoa Robi kutoka Migori, karibu na mpaka. Walikutana kwa Kiswahili, na mpaka leo hugombana na kupatana kwa Kiswahili. "Kitabu ya kliniki iko wapi? Leo ni Ijumaa, tarehe kumi na mbili! Tunachelewa!"

"Si wewe uliiweka?"

"Niliiweka mahali pazuri."

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Katika nyumba hiyo kila mtu alikuwa na mahali pake pazuri, na hakumwambia mwenzake. Walitafuta chini ya godoro, wakapata karatasi ya chanjo ya ng'ombe. Walitafuta kwenye Biblia, wakapata kadi za ubatizo. Ndani ya mkebe wa majani ya chai walipata ufunguo uliopotea tangu Krismasi. Kitabu cha kliniki kilikuwa kimelala ndani ya kitabu cha nyimbo cha Byron.

Walifika Homa Bay jua limepanda. Mabenchi ya kliniki yalikuwa matupu. Muuguzi wa zamu akakifungua kitabu, akamtazama Robi.

"Mama, kliniki ilikuwa jana, Alhamisi, tarehe kumi na mbili. Leo ni kumi na tatu."

"Lakini kalenda yetu inasema Ijumaa..."

"Kalenda gani hiyo?"

Robi aliona haya.

"Na dawa ziliisha lini?"

"Jumanne."

Muuguzi hakumgombeza. Alimpa vidonge vya wiki moja. "Alhamisi ijayo mje kumwona daktari. Dawa isikatike tena, tafadhali."

Lakini siku zilizopita zilikuwa zimepita. Jumamosi mchana miguu ya Beverlyne ilianza kuuma. Mtoto alijikunja kitandani na kulia bila sauti. Robi alimpa maji mengi, akamkanda kwa kitambaa chenye vuguvugu, na kila alipomgusa moyo wake ulimsuta. Si uchawi uliomuumiza mwanawe, wala si Mungu. Ni yeye na mumewe, kwa kukosa kujua siku na kutohesabu vidonge.

Walimwita Risper, jirani yao, ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii. Risper alimpima mtoto joto, akahakikisha amepewa dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari.

"Hana homa," alisema. "Lakini akipata homa, au kupumua kukiwa kazi, au maumivu yakizidi, msingoje. Hospitali moja kwa moja."

Bahati nzuri maumivu yalipungua. Jumatatu Risper alirudi kumjulia hali. Beverlyne alikuwa ameketi, anakula chapati. Risper akapumua, kisha akainua macho ukutani. Akaanza kuhesabu.

"Kalenda saba! Mama Bev, mnauza?"

Robi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Hizo ni mapambo. Zina picha nzuri."

"Na mlisoma tarehe kwenye ipi?"

Byron alionyesha ile ya katikati. Ilikuwa na picha ya marehemu mama yake, iliyochapishwa mwaka wa mazishi. Risper aliisogelea.

"Baba Bev, hii ni ya miaka mitano iliyopita."

Byron alijikuna kichwa. "Mama yangu hatoki hapo ukutani," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani amesema atoke? Mama amepumzika. Mbona nyinyi mnaendelea kumuuliza tarehe?"

Byron alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Alichukua makasi, akakata tarehe zote taratibu, akaibakiza picha. Akaipachika juu ya kiti chake.

"Sasa tutafute ukuta mmoja," Risper alisema. "Mahali ambapo kila mtu anapita kila siku, na mvua haifiki."

Walichagua ukuta ulio karibu na meza ya chakula. Pale walitundika kalenda moja tu, ya mwaka huu. Robi alishona mfuko wa kitambaa wenye vyumba vitatu: kimoja cha vitabu vya kliniki, kimoja cha vyeti, kimoja cha karatasi za shule. Byron alipiga misumari miwili ya funguo. Kwenye karatasi kubwa waliandika namba ya Risper, ya hospitali na ya bodaboda wanayemwamini.

"Siku ya kliniki mnaiandika mkiwa bado na vumbi la safari," Risper aliwaambia. "Andikeni siku na tarehe, zote mbili. Wiki moja kabla, hesabuni vidonge. Na Bev akishameza, aweke alama mwenyewe."

"Na mtu akitoa kitu hapa?" Byron aliuliza.

"Anakirudisha hapa hapa. Hakuna tena mahali pazuri pa mtu mmoja."

Alhamisi ile walifika kliniki mapema, kabla hata mabenchi hayajajaa. Hawakukosa mwezi uliofuata, wala ule mwingine. Alama za Beverlyne zilifuatana kwenye kalenda, siku baada ya siku, bila pengo. Alirudi shuleni. Siku moja alirudi nyumbani anahema na sketi ina matope, kwa sababu alicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Robi hakumkanya. Alimpa maji, akamtazama akinywa.

Alasiri moja alimkuta mtoto amesimama juu ya stuli mbele ya kalenda. Alikuwa anafunua kurasa, mwezi baada ya mwezi, mpaka Novemba.

"Unaandika nini huko mbali? Kliniki?"

"Hapana, mama. Bathdei yangu. Nitafikisha kumi."

Robi alishikwa na hofu ya zamani. Alitaka kusema, usiandike, bado ni mbali. Tangu mtoto huyu azaliwe hakuwahi kuiweka siku yoyote ya mbele, akiogopa kwamba huenda isiwafikie. Kisha akaichukua kalamu mkononi mwa Beverlyne, akaizungushia ile tarehe duara nene, kama alivyozungushia siku za kliniki.

"Tupike nini siku hiyo?" akauliza.