Insulini Iliyoganda Bandani

Januari hapa Minnesota, Marekani, baridi hugandisha hata maji, na banda la gari ndilo friji yetu ya pili. Jumamosi ile nilitaka nafasi ya mabakuli ya chakula cha msiba kanisani. Nikatoa vitu kwenye friji, nikavipeleka bandani. Mjinga mimi, sikutazama nilichobeba.

Asubuhi mke wangu, Janelle, akauliza, "Orrin, insulini yangu iko wapi?"

Tuliikuta imeganda kama jiwe. Ilikuwa chupa ya mwisho ya dawa yake ya kisukari. Bima yake iliisha alipoachishwa kazi kiwandani.

"Tuiyeyushe tu," akasema. "Tusisumbue watu."

Nikakimbia kwa jirani yetu LaVonne, anayefanya kazi duka la dawa.

"Shemeji! Baridi hii, bila kofia?"

"Insulini imeganda! Atakufa, LaVonne!"

"Ikishaganda haifai, hata ikiyeyuka. Mwenyewe yukoje?"

"Ana kiu. Anakunywa maji tu."

"Akitapika au akihema haraka, hospitali moja kwa moja. Kama bado, mlete dukani sasa hivi. Jimbo letu lina sheria. Mtu akibakiwa na insulini isiyotosha siku saba, na bei imemshinda, anajaza fomu. Anaonyesha kitambulisho na cheti cha daktari. Anapewa ya mwezi mzima, na halipi zaidi ya dola thelathini na tano."

Dukani Janelle akaanza ubishi. "Hiyo si ya maskini? Mimi sijawahi kuomba."

"Ni sheria, dada, si sadaka. Kaa, ujaze!"

Alijaza mwenyewe. Akajidunga palepale kwenye kiti. LaVonne akatupatia na fomu ya pili, ya msaada wa mwaka mzima.

Jioni sukari yake ya damu ilikuwa imeshuka vizuri. Nikamwomba msamaha kwa chupa ile. Janelle akainamisha kichwa.

"Orrin, tangu bima iishe nimekuwa nikijidunga nusu dozi. Ili isiishe haraka."

Miezi miwili! Miezi miwili nimelala kando yake, sijui kitu. Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Siku hizi anajidunga dozi kamili, tena mbele yangu. Bado naogopa. Lakini mashavu yake yamejaa, na jana alinigombeza kwa sauti mpaka LaVonne akasikia kwake.