Niseme ya Mama au ya Baba?

Wazazi wenzangu, sogeeni niwaeleze yaliyotupata. Nimechoka, ila nikinyamaza nitachoka zaidi.

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Mkewe anashona nguo. Jioni walikuwa wakikaa barazani, cherehani ikilia, mume akipangusa vumbi la chuma kichwani, na binti yao akiwasimulia ya shule bila kupumua. Kwa maneno yale tulimpa jina la Chiriku.

Kisha wakagombana, wakaachana, wakapelekana mahakamani, kila mmoja akimtaka mtoto. Hakimu akateua wakili wa mtoto, mwanamke asiye wa baba wala wa mama. Kazi yake ilikuwa kumsikiliza Chiriku na kuieleza mahakama lipi litamfaa. Ikaamuliwa wakutane kwangu, wazazi wasiwepo.

Nilimtarajia mtu wa makaratasi. Akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani nilipokuwa nachambua maharage, akavuta sinia.

"Mama, haya mawe ni ya kupika au ya kujengea?"

Nikacheka. Nilikuwa nimesahau kucheka.

Lakini mnatujua wazazi. Mwanangu alikuwa akimwambia binti, "Akikuuliza, sema Mama hakupikii." Mama mtu naye, huku anamsuka, "Sema kwa Baba unaogopa kulala." Yote uongo. Mtoto akapungukiwa maneno, akaanza kukojoa kitandani. Na kila mmoja akanijia na yake: "Mama, umeona mwenzangu anavyomtesa mtoto?"

Wakili aliporudi, Chiriku alichambua maharage kimya. Wakili naye hakumuuliza kitu. Wakachambua, wakachambua, mpaka mtoto mwenyewe akamwuliza wakili:

"Shangazi, leo niseme ya Mama au ya Baba?"

"Kwani kila mmoja ana yake?"

"Ndiyo. Nikisema ya Mama, Baba atalia. Nikisema ya Baba, Mama hatakula."

"Na yako je?"

"Yangu sijafundishwa."

Mkono wa wakili ukasimama juu ya sinia. Hakumwambia maskini wee. Alisema tu, "Basi tumalize maharage kwanza." Baadaye akamwomba ruhusa awaeleze wazazi.

"Waeleze," Chiriku akasema, "ila usiwafokee."

Hakuwafokea. Aliwaketisha katika chumba kidogo pale mahakamani, nami nikiwepo, akawapa maneno ya mtoto kama yalivyo.

"Mimi nilitaka ajue kujieleza tu," mwanangu akasema.

"Ulitaka ajue kukusemea," mama mtu akadakia.

"Na wewe ulimfundisha nini?"

"Endeleeni," wakili akasema taratibu. "Mimi nitasubiri. Yeye amesubiri sana."

Mwanangu akavua kofia, akaikunja mapajani.

Hakimu aliamua mtoto akae na mama, mwisho wa wiki awe kwa baba, na mambo ya kesi yasitajwe mbele yake. Wanatii. Wanapopokezana mtoto mlangoni kwangu husalimiana, si haba.

Juzi Chiriku alianza kunisimulia mwalimu wao alivyokalia chaki. Katikati akakatiza, akanitazama usoni, kuona kama anasema vizuri.

"Endelea, mjukuu wangu," nikamwambia.

Hakuendelea. Tunasubiri.

FUNZO

Mkiachana, msimfanye mtoto shahidi wenu. Mwacheni aseme lake, nanyi mlisikie hata likiwauma. Kumjaza mtoto maneno yako ni kazi ya jioni moja. Kumrudishia yake, mimi bado sijaona mwisho wake.