Arobaini Tatu za Uongo

Hutaniamini, najua, lakini ngoja kwanza: nimeona sumaku ikigeuka bila kuguswa na mtu yeyote. Kwa macho yangu haya mawili!

Kila likizo mimi hushinda na shangazi kwenye maabara anakofanya kazi. Ana kipande cha kioo kilichopakwa utando wa chuma, mwembamba kuliko unywele mara elfu kumi. Utando huo ni sumaku. Shangazi alikuwa anataka kuigeuza, ncha yake ya kaskazini iwe kusini, kwa umeme tu, bila kuisogezea sumaku nyingine. "Tukiweza," aliniambia, "siku moja simu zitatunza picha kwa umeme kiduchu."

Siku hiyo alikuwa anaongeza umeme hatua kwa hatua, amenipa mgongo. Mimi nasoma namba kwenye kipimo, naandika daftarini. Ikigeuka, namba itabadilika.

"Hatua ya saba!"

"Arobaini tena, shangazi."

"Ina kichwa kigumu kama chako! Haya, zilizobaki tatu andika kimyakimya."

Pembeni, skrini ilionyesha ule utando, wote kijivu kama anga kabla ya mvua. Mara doa jeupe likachomoza. Likatanuka polepole, likaenea kama maziwa kwenye chai, nami nikawa kama naelea ndani yake. Hatua ya nane ikapita, ya tisa, ya kumi. Niliposhtuka, shangazi ameshazima umeme na kijivu kimerudi.

"Umeandika zote?"

"Nimeandika," nikajibu, huku kalamu inakimbia: arobaini, arobaini, arobaini.

Mkuu wa maabara akaingia, mikono mfukoni. Shangazi akasoma daftari, akakaa taratibu.

"Haikugeuka. Miezi mitatu ya bure."

"Pole, dada. Basi kesho mashine tuwape wenzako."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Shangazi alikuwa ameshaanza kuchomoa nyaya.

"Shangazi... zile tatu za mwisho nimetunga."

"Umetunga?"

"Nilikuwa naangalia skrini. Kuna weupe ulikuwa unatembea."

"Weupe gani? Wewe mtoto wewe!"

"Kumbe tuna mtunzi wa hadithi humu ndani," mkuu akasema.

Tukarudia. Hatua ya nane, kipimo kikashuka hadi ishirini. Ya tisa, sifuri. Ya kumi, hasi arobaini! Weupe ukatanda skrini nzima. Mkuu akatoa mikono mfukoni, akapiga makofi. "Mashine haitoki hapa!"

Shangazi alicheka mpaka machozi, halafu akanishika bega.

"Kuota siyo kosa, mwanangu. Hata mimi naota. Ila namba ikikupita, acha nafasi wazi. Nafasi wazi inaniambia nirudie. Namba ya uongo inaniambia nikate tamaa."

Nikazikata zile arobaini kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni: hizi nilitunga.

Sasa niambie wewe. Mkuu amesimama pale, shangazi anachomoa nyaya, na hakuna aliyekuona. Ungesema?