Siku Sia Alipomjibia Mwenzake

Kila Jumamosi asubuhi Sia alikuwa na kazi zake. Alifagia, akachemsha chai, kisha akabeba taka mpaka chini kwa ngazi, kwa sababu lifti ya jengo lao la Albert Park ilifanya kazi siku ilipojisikia. Mama yake, Coletha, alikuwa msusi katika saluni ya barabara ya pili, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja wengi. Akishaondoka, nyumba ilibaki kimya. Sia alisimama dirishani akiwatazama watoto wa jengo la mbele wakiitana. Jina lake halikuitwa na mtu.

Walikuwa wamehamia Durban kutoka Moshi mwanzoni mwa mwaka. Kanisani, karibu watoto wote walitoka Kongo. Walizungumza Kiswahili, naye alizungumza Kiswahili, lakini chake kilikuwa sanifu kama cha watangazaji, na kila alipofungua kinywa, Peguy, mvulana mmoja mchokozi, alisema, "Munyamaze, redio iko inasema!" Wote wakaangua kicheko. Basi Sia akajizoeza kunyamaza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuwa mpweke kiasi hicho.

Jumamosi moja ya Novemba, watoto wa kanisa walipelekwa kupanda magenge nje ya mji, upande wa Kloof. Kiongozi wao alikuwa kijana aitwaye Josias, ambaye walimwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Mama Félicité alikuja kumsaidia. Kabla ya kuanza kupanda, Yaya Josias aliwapanga wawiliwawili.

"Kila mtu iko na mwenzake," alisema. "Nikiuliza, unamjibia mwenzako, hapana wewe mwenyewe. Tumesikilizana?"

"Ndiyo, Yaya!"

Msichana mmoja, Yvette, rafiki yake alikuwa mgonjwa siku hiyo, kwa hiyo akapangwa na Sia. Yvette aliguna. Sia alijifanya hakusikia, maana alikuwa amefurahi mno.

Njia ilikuwa kali kwelikweli. Ilipanda kwa mawe na mizizi, na mahali pengine walilazimika kushika matawi ili wajivute. Peguy, mwenye maneno mengi kuliko wote, alikuwa wa kwanza kuishiwa pumzi. Huko juu msitu uliisha ghafla, wakatokea kwenye nyasi ndefu zenye maua madogo ya njano na zambarau. Yaya Josias aliwaeleza kwamba zamani nyasi za namna ile zilifunika vilima vyote vya pale. Nyumba na mashamba yalizimaliza, kikabaki kipande hicho tu.

"Musitoke njiani," alionya. "Tutakanyaga maua, na tena nyasi zinaficha mwisho wa genge."

Walisimama kwenye sehemu ya kwanza ya kutazamia. Mto ulionekana chini kabisa bondeni, na mbali sana bahari. Walipoanza kuondoka, Yvette alimvuta Sia mkono.

"Uliona lile jiwe tulipita, lile linatokea inje ya genge?" alinong'ona, akitoa simu mfukoni. "Naenda kujipiga picha. Yaya akiuliza, sema niko."

"Lakini tumekatazwa."

"Nitarudi mbio. Si uko rafiki yangu?"

Rafiki! Tangu afike Durban, hakuna aliyemwita hivyo. Sia aliitikia kwa kichwa, na Yvette akatoweka.

Kwenye sehemu ya pili ya kutazamia, Yaya Josias alianza kuuliza. "Sia, mwenzako?"

"Yuko, Yaya. Anafunga kamba za viatu hapo nyuma."

Yaya Josias aliendelea na wengine. Wakati huohuo ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni. Watoto walishangilia, lakini Sia hakushangilia. Alijua mambo ya ukungu. Kwa bibi yake, mlimani, ulishuka mpaka migomba ya mlangoni ikapotea. Alitazama nyuma. Njia haikuonekana tena, wala Yvette hakuwa amerudi.

Akisema ukweli, Yvette hatamsamehe, na wenzake watamwita mchongezi. Urafiki wenyewe ulikuwa haujatimiza hata saa. Asiposema je? Alikumbuka lile jiwe na nyasi zilizolizunguka. Machozi yakamlenga.

"Yaya, nimedanganya," alisema kwa sauti. "Yvette hayupo. Alirudi kwenye jiwe."

Yaya Josias hakugomba. Aliwaambia watoto wote wakae chini na kushikana mikono, akamwachia Mama Félicité, kisha akamshika Sia mkono. "Nionyeshe."

Walirudi polepole, hatua kwa hatua, wakiita. Mwishowe walisikia sauti ya kilio kutoka ndani ya nyasi.

"Yaya! Sioni njia! Nakuja!"

"Usikuje!" Yaya Josias alipaza sauti. "Kaa chini! Usisogee hata kidogo!"

Alimwacha Sia njiani akiwa ameshika shina la mti, akaingia kwenye nyasi kwa kutambaa, akamtoa Yvette. Upepo ulipousogeza ukungu kidogo, waliona alikokuwa amekaa. Mbele ya miguu yake hapakuwa na kitu.

Yvette alimkimbilia Mama Félicité na kulia kifuani pake. Hakumtazama Sia. Wakati wa kurudi mjini, wenzake walibanana kwenye viti vya mbele vya basi, naye Sia akakaa nyuma peke yake.

Jioni alimweleza mama yake yote, hata ule uongo. Mama alikuwa bado hajavua viatu vya kazini.

"Nilidhani nimepata rafiki," Sia alisema akilia. "Sasa hata salamu hatanipa."

Mama alimvuta karibu. "Ulikosea, mwanangu, na sitakuficha. Uliposema yuko, hakuna aliyemtafuta. Ndiyo ubaya wa uongo ule. Ulimfungia mwenzako mlango wa kusaidiwa."

"Najua, mama."

"Uliposema ukweli, walimtafuta wakampata. Ulijua utabaki peke yako, ukasema hivyohivyo. Upweke unauma, mimi nami unaniuma katika mji huu. Lakini usikubali kudanganya ili upendwe."

Sia alipangusa machozi. "Na asiponisalimia tena?"

"Basi asikusalimie," mama alijibu. "Usiku huu bila shaka mama yake Yvette anamgombeza juu ya ile simu, na Yvette yupo hai wa kugombezwa."