Udongo wa Kichuguu

Bisha basi. Shule mimi niliipa talaka mapema, nakiri, lakini hili lilishinda chuo kikuu kizima, kikongwe kuliko babu yako. Kwa hiyo kalia hicho cheti chako usikie.

Chuoni hapo kuna maabara inayopima udongo wa wakulima wa kanda nzima. Fundi wake ni mwanamke, wanamwita Chekecheke, na mumewe ndiye dereva anayechota udongo mashambani na kuuleta kwa mifuko. Asubuhi moja, kiangazi cha kukausha mate, maabara ikanuka mvua. Chekecheke akapuuza. Akasaga udongo wote alioleta mumewe, akauchanganya, akaugawa katika mikebe ya kupelekwa maabara ndogo za kanda, ili wote wapime kitu kimoja majibu yalingane. Kazi ndivyo ilivyo.

Mchana akamkuta mumewe nyumbani, amekumbatia ndoo ya maji.

"Mke wangu, kiu."

Akaimaliza. Akaletewa nyingine, nayo akaimaliza, na bado midomo ikapasuka, na mikono, na shingo, kama tope la bwawa lililokauka, na palipopaswa kutoka damu pakatoka vumbi, na ndani ya kifua kukasikika kitu kikisagwa polepole, mpaka sauti isiyo yake ikasema, "Nyumba yangu mmeifanya unga."

Mganga aliitwa siku ya pili, mikebe imeshasambazwa. Alimnusa mgonjwa, akanong'ona, "Binti yangu, huyu alichimba wapi?"

"Alikwepa shamba la mbali, babu. Akachota kichuguu kando ya barabara. Alinisimulia huku anacheka."

"Rudisha udongo ule, jini atatoka."

"Nimeshauchanganya."

"Utenganishe."

"Hautenganiki, babu."

Mzee akafunga mkoba. "Jini mwenye kwao hufukuzwa. Huyu nimfukuzie wapi?"

Huwa naishia hapo, watu wapate usingizi. Lakini kuna kipande nakiruka, na leo umenitazama sana. Mganga hajavuka kizingiti, simu ya Chekecheke ikaita. Maabara ya mbali.

"Dada, samahani, huu mkebe wenu una mwanamume ndani. Anamwita Chekecheke. Anasema kuna giza."

Ikaita ya pili, maabara nyingine. Safari hii waliuweka mkebe karibu na simu, na Chekecheke akaisikia sauti ya mumewe, ile ile ya kumwamsha anywe chai, ikiuliza kwa nini hafunguliwi.

Kitandani, yule mwingine akasogeza ndoo tupu kwa mguu.

"Mke wangu," akasema. "Kiu."