Boti ya Wema Haikuchelewa

"Lois na Mama nimeshawafikisha nchi kavu. Nimemaliza. Leta kazi nyingine."

Hiyo ilikuwa sauti ya kaka yangu Ngala, kwenye redio ya mawasiliano.

Jamani, Lois ni mimi! Na mimi na Mama tulikuwa bado juu ya paa kijijini Kilelengwani, kando ya Mto Tana, maji yametuzunguka pande zote...

Ilikuwa mvua za El Nino, mwaka wa tisini na saba. Betri ya redio ya kijiji niliyokuwa nayo ilikuwa imechoka. Nasikia kila kitu, lakini nikisema sisikiki.

Mama alikuwa anatetemeka kwa homa. Akaniuliza Ngala amesema nini.

Nikamwambia yuko njiani. Wewe ungemwambiaje?

Maombi yote ya kuokolewa yalikuwa yanapokelewa Garsen na dada mmoja, Abdia. Yeye ndiye aliyeyagawa kwa boti mbili: ya Ngala pale kijiji cha Wema, na ya Boru kule Minjila. Anayemaliza kwanza anapewa kazi nyingine.

Boru alikuwa mzito. Kila mara anaomba asubiriwe, mara ana wazee, mara injini imenasa majani.

Ngala hachelewi. Basi Abdia akazidi kumrundikia yeye.

Nikasikia Ngala akiulizwa kuhusu jirani yetu Nyevu na watoto wake. Akajibu wamefika.

Nyevu nilikuwa namwona kwa macho yangu, yuko juu ya mti na watoto wake...

Mama alikata roho kesho yake, kichwa chake mapajani mwangu.

Aliyetutoa, mimi na mwili wa Mama, ni Boru. Hakutumwa na mtu, aliona tu leso yangu akipita. Akamchukua na Nyevu na watoto. Nikamwomba anipitishe Wema. Nilikuwa na maneno ya kumwambia kaka yangu, tena si mazuri.

Tulimkuta juu ya paa, redio mkononi. Boti hakuna.

"Boti iko wapi, kaka?"

"Ilizama siku ya kwanza."

"Kwa nini hukumwambia Abdia?"

Akanitazama kama hanijui.

"Angeniuliza ndani walikuwa nani."

Walikuwa mkewe Valentine na mtoto wao.

Nilimkumbatia tukalia, na Abdia bado anamwita kwenye redio.

Ndugu zangu, mpaka leo mvua ikinyesha usiku silali. Wewe unayegawia watu kazi, nenda kwanza ukaone kilichomalizwa. Na yule asiyechelewa hata mara moja, muulize kama yeye mwenyewe yuko salama.