Uzi Mwekundu wa Daraja la Lugaj

Nurie hakuwa na tabia ya kumpeleka mgeni mahali ambapo yeye mwenyewe hajakanyaga. Wenzake wenye nyumba za wageni pale mjini Gjirokastër walipanga safari za kutwa kwa kutazama ramani. Yeye aliendesha njia nzima kwanza. Alitaka kujua choo kiko wapi, kona ipi inatapisha watu, na ni wapi jua linawahi kuzama nyuma ya mlima. Kanuni yake ilikuwa moja: giza limkute kila mtu yuko nyumbani.

Siku ile kanuni ilivunjwa na jino. Dafina, binti yake wa darasa la tatu, alikuwa aking'olewa jino, na foleni kwa daktari haikusogea. Walipotoka mjini kwenda bonde la Lugaj kutazama daraja, paa za mawe zilikuwa zimeshaanza kugeuka rangi.

"Mama, bado mbali?"

"Ukiuliza tena panaongezeka."

Daraja la Lugaj lilikuwa la mawe, la zamani sana. Kila masika theluji ilipoyeyuka, mto ulilibomoa. Likijengwa, linaanguka. Ng'ambo yake kulikuwa na chemchemi na kijiji cha magofu ambacho hakuna nyumba ya wageni iliyowahi kukipata. Nurie alikitaka. Mumewe alikuwa Ugiriki akipaka rangi nyumba za watu, na alichokuwa akituma hakikutosha kupasha moto vyumba vitatu. Safari mpya, nzuri, ingeweza kuwashikilia wageni siku moja zaidi.

Walimkuta fundi peke yake. Rrapo aliitwa, mzee mwembamba, nyusi zimejaa chokaa. Msingi wa upande huu ulikuwa umepanda hadi kifuani. Chokaa mbichi ilinuka hadi barabarani.

Nurie alitazama juu, kwenye miti ya jukwaa. Kila jengo linaloinuka nchini kwao huning'inizwa mdoli mchakavu, au dubu wa kuchezea, ili jicho la husuda la mpita njia litue hapo. Hapa hapakuwa na kitu.

"Mdoli wako uko wapi, usta?" aliuliza. Hivyo ndivyo fundi mkubwa huitwa kwao.

"Mdoli ni wa nyumba," Rrapo alijibu taratibu. "Maji hayana macho."

Kok... kok... kok...

Nyundo ilikuwa mkononi mwake, imetulia.

Kok... kok...

"Nani yuko huko chini, usta?"

"Mto, mama. Mto tu."

Jua lilikuwa limekaa kwenye pengo la milima, nyuma ya Nurie, jekundu kama kiini cha yai la kienyeji. Alijua mwanga ule. Wageni hununua safari kwa sababu ya mwanga ule. Alitoa simu.

"Dafina, simama pale kwenye mawe. Nyuma kidogo. Usikunje uso."

"Nina pengo."

"Basi funga mdomo."

Mzee alikuwa ameinama karibu na msingi, anakunjua uzi wa sufu. Nurie alimwona kwa pembe ya jicho, akapiga picha. Kisha akasikia mkasi.

Kwacha.

"Unapima nini, usta?"

"Jiwe," alisema Rrapo, akatia kitu mfukoni. Halafu akampa Dafina tunda moja kubwa la jozi, akamshika kichwa. "Asante kwa kuja."

Waliporudi garini, Dafina alisema mkono wa yule babu ulikuwa wa baridi. Nurie akamwambia mikono ya mafundi wote ni ya baridi.

*

Usiku huo, kabla ya kulala, Nurie aliitengeneza picha. Chini na upande mmoja kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimelala kirefu kama nguzo ya umeme, kinaharibu kila kitu. Alikikata, akabakiza mtoto, mawe na mwanga, akaiweka kwenye ukurasa wa nyumba ya wageni. Mgeni pekee aliyekuwapo, mzee Willem, Mholanzi mjane anayejifunza lugha yao kwa kijitabu, aliipenda papo hapo.

"Kesho mimi kwenda hapa," alisema.

"Kesho utakwenda."

Asubuhi Dafina hakuamka kwa kuitwa. Nurie alimketisha kitandani amsuke nywele kama kila siku, na kichwa kikawa kinaanguka mbele. Shingo ilikuwa baridi. Nywele zilikuwa zinanuka.

Aliinamisha pua tena.

Chokaa mbichi.

"Anaumwa jino," alimwambia mama mkwe wake jikoni. "Usimlazimishe kula."

Hajrije alikuwa anakanda unga. Miaka yote hii bado alimwita Nurie bi harusi, na si kwa mapenzi. "Wewe bi harusi, jana ulimpeleka wapi huyu mtoto hadi giza?"

"Lugaj. Darajani." Nurie akamwonyesha picha, ili yaishe.

Bikizee akafuta mikono, akaishika simu mbali na macho. Alikaa nayo muda mrefu.

"Na huu uzi?"

"Uzi gani?"

Uzi mwekundu. Ulianzia kisiginoni kwa Dafina, ukanyooka juu ya kivuli chake, ukapanda nacho kwenye mawe ya msingi hadi penye kichwa. Na mwisho wake, vidole viwili vyeupe vya mtu ambaye hayumo kwenye picha.

Hajrije aliketi. Alipoongea, aliongea chini, kama kuna mtu chumba cha pili.

"Sisi tulipokuwa wadogo, ukipita panapojengwa jioni unakimbia. Mama anakupigia kelele, toka juani, toka juani. Jengo linaloanguka linataka mtu. Zamani walimweka mtu mzima mzima. Baadaye wakaona aibu... wakawa wanaweka kivuli. Wanakipima kwa uzi, wanauzika uzi ndani ya msingi. Jengo linasimama. Mwenye kivuli hamalizi mwaka."

"Mama, hayo ni maneno ya watu wa kale."

"Basi kamnuse mwanao."

Nurie alichukua funguo za gari. Alikuwa ameshamnusa.

*

Gari lilikuwa moja, na mzee Willem alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, kamera mapajani. Kumwacha ilikuwa haiwezekani. Alikuwa amekula mkate na chumvi ya nyumba ile, na mgeni akishakula, roho yake iko mikononi mwako hadi umfikishe alikotaka. Nurie aliwasha gari. Kwenye nguzo za kijiji cha mwisho matangazo ya misiba yalikuwa yamebandikwa, nyuso za picha nyeusi na nyeupe zikitazama barabara. Hakuzitazama.

Pancha, na gurudumu la akiba halina upepo: mchana wote ukaishia hapo. Kisha mchungaji na kondoo wake njia nzima. Walipofika Lugaj, jua lilikuwa lilelile, pengo lilelile.

Rrapo alikuwa anakoroga chokaa. Kwenye msingi palikuwa na tundu moja tupu, upana wa ngumi, na jiwe la kulifunika limewekwa tayari kando.

Kok... kok...

"Nirudishie," Nurie alisema.

"Sikumtafuta, mama. Mimi nilingoja tu. Aliyemsimamisha pale ni wewe." Hakuwa na hasira wala kiburi. Alionekana amechoka, kama mtu wa zamu ndefu. "Limenishinda mara tatu hili. Na wewe unalitaka lisimame. Utawapitisha wageni juu yake."

"Chukua changu."

Rrapo alishusha macho kwenye miguu ya Nurie, akayainua haraka.

"Hicho usinipe."

"Kwa nini?"

"Kinachotolewa na mwenyewe hakishiki. Anayejua anapimwa, uzi wake hauna kitu. Lazima asiyejua." Akaelekeza kidevu ng'ambo ya chokaa. "Kama yule."

Mzee Willem alikuwa amesimama palepale alipokuwa amesimama Dafina, anapiga picha maji. Kivuli chake kilikuwa kinapanda msingi, jiwe kwa jiwe, kinaelekea kwenye tundu.

"Uzi wa mtoto haujaingia bado," Rrapo alinong'ona. Mkasi ulikuwa mkononi mwake. "Nyamaza tu. Sikuombi zaidi ya hapo. Nyamaza, mama."

Nurie akanyamaza.

Aliwaza mambo mengi kwa pumzi ile moja. Willem ana miaka mingi. Hana mke, hana mtoto. Nani angejua? Halafu akakumbuka jinsi alivyoosha kikombe chake mwenyewe asubuhi, ili asimsumbue mwenye nyumba.

Na akakumbuka kitu kingine. Anayejua.

"Mzee Willem," aliita, "toka hapo juani. Huyu fundi anapima vivuli vya watu ili awazike ukutani. Unanielewa?"

Willem alifikiri, akapekua kichwani maneno yake machache. "Kivuli... ukutani. Mimi kufa?"

"Ndiyo. Ingia garini."

Mzee akacheka, kisha akamtazama Rrapo, akaacha kucheka. Akaingia garini.

Nurie alikuwa ameshapiga simu nyumbani. "Mama, mpe Dafina simu. Mwamshe. Mpige maji usoni, mpe."

Kukwaruza. Sauti ndogo, nzito ya usingizi.

"Mama?"

"Nisikilize. Jana yule babu alipima kivuli chako kwa uzi. Anataka kuutia kwenye ukuta wa daraja ili daraja lisianguke. Uzi ukiingia, wewe utakufa. Umeelewa?"

Rrapo alikuwa ameshaingiza vidole mfukoni. Jua lilikuwa limebaki ukucha.

"Umeelewa, Dafina? Niambie wewe."

"Amepima kivuli changu... anataka kukiweka kwenye daraja. Bila ruhusa?"

"Bila ruhusa."

"Mwambie simpi."

"Hampi," Nurie alimwambia fundi.

Jua likazama. Sauti ya chini ya mawe ikakoma, ghafla, kama mtu aliyeshika pumzi. Rrapo alitoa uzi mwekundu mfukoni, akautazama, akamkabidhi Nurie mkononi. Hakubisha. Hakuomba. Alimrudishia kama anayerudisha chenji.

"Nenda salama," alisema. "Mtoto wako ana akili."

Garini, simu ikalia. Ilikuwa Hajrije, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa laini. "Amekula. Amekula sahani mbili, mtoto wa watu, na anasema anataka tena."

Nurie aliuchoma uzi katika jiko usiku uleule. Ulinuka sufu. Sufu tupu.

*

Daraja lilikamilika kabla ya theluji. Rrapo hakuonekana tena. Wengine walisema amekwenda kwa watoto wake, wengine walisema hakuwahi kuwa na watoto. Willem alituma kadi kutoka kwao, mzima wa afya. Masika yalikuja na maji ambayo wazee hawakuwahi kuyaona, yakang'oa miti, yakabeba zizi zima la mtu.

Daraja halikutikisika hata jiwe.

Hajrije aliposikia, aliweka kikombe chini. Walitazamana na Nurie juu ya meza. "Kila mtu alijua," bikizee alisema polepole. "Sasa ameweka nani?"

Wageni wa kwanza wa safari ya Lugaj walikuwa wa wiki iliyofuata. Nurie alihitaji picha pana zaidi kwa ajili ya ukurasa, akaitafuta ile ya mwanzo, kabla hajaikata.

Dafina kwenye mawe, mdomo umefungwa. Uzi mwekundu nyuma yake. Na chini na ubavuni, pale alipokuwa amekata, kivuli cha mpiga picha. Kirefu, viwiko vimeinuliwa, kimepita ubavuni mwa mtoto, kichwa chake kimeingia kwenye msingi, ndani kabisa ya tundu.

Uzi wa pili ulianzia kwenye vidole vilevile vyeupe, ukanyooka juu ya kivuli hicho.

Alikuza picha. Akaikuza tena. Ule wakati hakujua kitu. Alikuwa anatafuta mwanga.

Hakumwambia mtu. Alimpigia mumewe akamwambia arudi kabla ya vuli, kazi ipo, njia mpya imepata wageni. Aliandaa gari. Jioni jua liliposhuka baridi ilimpanda kutoka nyayo, taratibu, kama mtu anayejengwa kuanzia chini.

Asubuhi Dafina alileta kitana na kuketi mbele yake kama kawaida.

"Leo utajisuka mwenyewe," Nurie alisema.

"Siwezi."

"Utaweza. Gawa mara tatu. Mimi nitatazama."

Mtoto akainama, akaanza vibaya, akaanza tena. Kisha akageuza shingo, akakunja pua.

"Mama, mbona unanuka chokaa?"